Wandugu Waliovuka Ziwa: Namna ya Kuwatafuta Wazao wa Watu wa Maniema Waliotawanyika

Siku moja mzee mmoja wa Ujiji alikuja kutuona katika parokia upande wa Kabambare. Alikuwa amepita miaka sabini. Alivuka ziwa Tanganyika toka Kigoma, akashukia Kalemie, na toka pale akaendelea na piki-piki siku kadhaa katika njia tunazozijua wote. Yeye ni Mwislamu, lakini huko njiani watu walimwambia: «Ukitaka habari za zamani, uliza kwa mapadri, wao wana vitabu.» Ndiyo sababu alibisha kwetu.

Mkononi alikuwa na karatasi moja tu. Ndani yake aliandika mambo matatu: jina la msichana, jina la mto Luama, na jina la mnyama ambaye watu wa nyumba yao hawamli. Msichana yule alikuwa bibi yake, mama wa baba yake. Alipelekwa ng'ambo zamani za Waarabu, angali mtoto, na alikufa katika uzee sana, wakati mzee huyu alipokuwa kijana mdogo. «Bibi alituambia mara nyingi: Kwetu ni Maniema, mto wetu ni Luama. Watoto wangu walinituma nije kutazama kama nyumba ile ipo bado.»

Tutasema mwishoni namna ulizo lile lilivyojibiwa. Lakini kwanza yafaa tuelewe vema jambo lenyewe, kwa maana watu kama mzee huyu wako wengi, na wengine watakuja. Katekista au padri akiulizwa, asibaki bubu. Wala asijibu ovyo.

I. WALIOKWENDA KWA HIARI NA WALIOPELEKWA

Katika inchi nyingi za dunia watu hutafuta wandugu waliohama. Tutoe mfano mmoja, maana mtu wake alipita katika inchi yetu. Katika inchi ya Wales, upande wa magharibi wa Uingereza, watu wengi walihamia Marekani katika karne ya 19, hasa wachimbaji wa makaa ya mawe waliokwenda Pennsylvania. Leo wazao wao waandika barua kuuliza: babu yetu alitoka kijiji gani? Kazi yao si nyepesi. Huko Wales majina ya ukoo ni machache: Jones, Davies, Williams, wanaume mia wanaweza kuitwa jina moja. Hata hivi wana vitu vya kuwasaidia: vitabu vya ubatizo, karatasi za majina ya wasafiri wa meli, na barua ambazo waliohama waliandika kwa wazazi wao.

Mmoja wa wale waliohama alizaliwa katika mji wa Denbigh, mwaka 1841. Kitabu cha ubatizo cha pale chamwita John Rowlands, na chaonyesha kwamba wazazi wake hawakufunga ndoa. Mwaka 1847 alitiwa katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Alipokuwa karibu na miaka kumi na minane alipanda meli mpaka New Orleans katika Marekani, na huko akaacha jina lake, akatwaa jina la tajiri mmoja wa mji ule. Toka hapo akaitwa Henry Morton Stanley. Ndiye huyo aliyemkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871. Ndiye aliyefika Maniema mwaka 1876, akapatana na Tippu Tip kwa dola 5000 ili amsindikize kushuka Lualaba. Ndiye wazee wetu waliyemwita Bula-Matari. Kwa miaka mingi alisema yeye ni mtu wa Marekani, kwa sababu aliona haya juu ya kuzaliwa kwake. Lakini kitabu cha Denbigh hakikubadilika. Jina lilibaki pale, likamngojea.

Sasa tulinganishe. Mtu yule alibadili jina kwa mapenzi yake, tena aliacha nyuma kitabu kinachosema kweli. Msichana wa Luama alibadilishiwa jina na mwingine, na nyuma yake hakuna kitabu. Hii ndiyo tofauti kubwa. Aliyekwenda kwa hiari huandika barua. Aliyefungwa mnyororo haandiki. Kwa hivi anayefuata wazao wa Maniema hawezi kufuata njia ileile ya watu wa Wales. Yambidi atumie vitu vingine.

II. NJIA NNE ZA KUTOKA

Wengi hufikiri kwamba Wamanyema wote wa ng'ambo ni wazao wa watumwa. Si kweli, tena ni neno linaloumiza. Tukitazama historia twaona njia nne.

Njia ya kwanza ni ya mateka. Livingstone alifika Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, mwezi wa Septemba 1869, akakaa pale siku nyingi juu ya vidonda vya miguu. Aliona ginsi wafanya biashara wa pembe walivyochoma vijiji na kukamata watu. Tarehe 15 Julai 1871 alikuwako Nyangwe, soko limejaa wanawake waliokuja kuuza samaki na vyakula, bunduki zilipoanza kulia. Wengi walikufa kwa risasi, wengine wengi mtoni. Waarabu wenyewe walihesabu waliokufa kati ya 330 na 400. Barua za Livingstone zilizobebwa na Stanley zilitangaza habari ile Ulaya, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani wa Unguja alitia sahihi mapatano ya kufunga soko la watumwa. Lakini soko la Unguja kufungwa ni neno moja, na njia za bara kufungwa ni neno lingine. Kwa miaka ishirini zaidi watu waliendelea kupitishwa Kabambare kuelekea ziwa na Ujiji. Wengine walibaki Ujiji, wengine walifika Tabora na pwani.

Njia ya pili ni ya waliofuata. Tippu Tip, ambaye jina lake kamili ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, alifanya Kasongo kuwa makao yake toka miaka ya 1870. Mahame ya mji ule wa zamani huitwa mpaka leo Tongoni. Vijana wengi wa inchi yetu waliingia katika kazi yake na ya wenzake: wapagazi, askari wa bunduki, wapishi, wasemaji wa lugha. Hawa walijiita wangwana, wakavaa kanzu, wakasema Kiswahili, na wengine walishika Uislamu. Askari wa Dhanis walipotwaa Nyangwe mwezi wa Machi 1893, kisha Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, na Kabambare ilipoanguka mwezi wa Januari 1894, Rumaliza alikimbilia ng'ambo ya ziwa. Watu wake wengi walikwenda pia. Hao hawakuuzwa, walishindwa vita.

Njia ya tatu ni ya waliokimbia Bula-Matari. Zamani za kodi ya mpira na za kazi ya nguvu, mtu wa Kabambare aliyechoka alijua ya kwamba ng'ambo ya ziwa kuna utawala mwingine na kuna watu wa lugha yake. Tena mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yalitwaa Kigoma na Tabora, na wapagazi wengi wa Kongo walipelekwa nyuma yao. Si wote waliorudi kwao.

Njia ya nne ni ya siku zetu wenyewe: vita vya 1964, na vile vilivyoanza mwaka 1996. Hii tutairudia mwishoni, kwa maana hapo tuna kazi ya kufanya.

III. KWA NINI ALAMA ZILIPOTEA

Kwanza ni majina. Mtumwa alipofika mikononi mwa bwana wake alipewa jina jipya: Mabruki, Feruzi, Majaliwa, Baraka, Bahati. Jina la baba halikuulizwa. Akishika Uislamu aliweza kuitwa «bin Abdallah», maana yake mwana wa mtumishi wa Mungu. Ni jina zuri, lakini kwa anayetafuta ukoo ni ukuta, kwa sababu lafunika jina la baba mzazi.

Pili ni kabila. Neno Manyema lilianza kuwa jina la inchi katika vinywa vya watu wa msafara. Kule ng'ambo likawa jina la watu. Mbangubangu, Mkusu, Mzimba, ambao hapa kwetu kila mmoja ana lugha na wakubwa wake, huko wakawa Wamanyema tu. Tena hata watu wa karibu na ziwa, kama Wabwari na Wagoma, waliingia katika jina hilo. Walikuwa wageni katika mji wa wengine, wakahitaji kuzikana na kusaidiana. Basi jina moja likawa nyumba yao. Mpaka leo Dar es Salaam, katika mtaa wa Kariakoo, kuna msikiti uitwao wa Manyema, na Bujumbura pia kuna wazee wanaojiita hivyo. Yafaa tuone jambo hili vizuri: wao walisahau kijiji, wakashika jina la inchi; sisi tulibaki na kijiji, tukawasahau wao.

Tatu ni haya. Huko ng'ambo mtu hakupenda kusema «bibi yangu alinunuliwa». Huku kwetu mtu hakupenda kusema «babu yangu aliuza». Haya mbili zilikutana, na katikati yake ukweli ukazikwa.

IV. NAMNA YA KUULIZA

Tukipata mgeni kama yule wa Ujiji, tufuate utaratibu.

1. Tuulize mto na mlima mbele ya kabila. Majina ya makabila yalibadilika kwa Wazungu na kwa Waarabu, lakini mto haukuhama. Luama ni Luama toka zamani.

2. Tuulize mwiko, na maneno ya lugha ya nyumbani ambayo bibi alisema akiwa na hasira au akiimba kumbembeleza mtoto. Mtu husahau lugha yake yote, lakini neno la kubembeleza na neno la kutukana hubaki. Tuyaandike kama alivyoyasikia, bila kuyasahihisha.

3. Tukienda kwa wazee wa kijiji, tusiwaambie kwanza jibu. Tukisema «Je, ninyi hamli mnyama fulani?», kila mmoja atajibu ndiyo ili kumpendeza padri. Tuulize: «Ninyi mwiko wenu ni nini?» kisha tunyamaze.

4. Tuwaulize wazee wawili mbali mbali, mmoja asimsikie mwenzake. Wakipatana bila kusikilizana, hapo tuna kitu cha kushika.

5. Tufungue vitabu vya misioni. Wamisionari waliojenga Kibanga kando ya ziwa mwaka 1883 walikomboa watoto waliokuwa katika minyororo, na wengi wao waliolewa au kuoa katika vijiji vya wakristo. Pale ambapo kitabu cha ubatizo kimehifadhiwa, hata mstari mfupi waweza kufungua mlango.

V. HATARI YA UNDUGU WA UONGO

Mtu aweza kusema: juu ya nini taabu hii yote? Mgeni akija kwa moyo mwema, tumkumbatie tu, tumwambie «wewe ni ndugu yetu», yatosha. Hapana. Historia ya inchi yetu yenyewe yatuonya.

Tippu Tip alisimulia maisha yake katika kitabu alichokiandika kwa Kiswahili. Humo aeleza namna alivyopata inchi ya Utetera. Mfalme wa pale, mzee aliyeitwa Kasongo Rushie, alikuwa na dada wawili waliotekwa zamani na kupelekwa Urua. Mzee alikuwa akiwalilia bado. Tippu Tip aliisikia habari hiyo kabla ya kufika, akajitambulisha kwamba mmoja wa wale dada alinunuliwa na babu yake, Habib bin Bushir, na kwamba yeye ni mjukuu wa mwanamke yule. Mzee alifurahi kupita kiasi. Alimpokea kama mtoto wa dada yake aliyerudi, akamwachia utawala pamoja na pembe za ndovu.

Tulitazame vema neno hili. Mlango ambao Tippu Tip aliingilia haukuwa bunduki. Ulikuwa ni kilio cha mzee kwa ajili ya wandugu waliopotea. Mtu mwenye kilio cha namna hiyo aamini upesi, kwa maana ataka kuamini. Kwa hivi anayetafuta ukoo bila kupima, hata akiwa na moyo mwema, anaweza kufanya kazi ya mdanganyifu. Aweza kumpa mtu mababu wasio wake, au kuwapa watu wa kijiji ndugu asiye wao, na kesho kutwa ugomvi wa shamba na wa urithi utazaliwa. Upendo wahitaji ukweli.

VI. JIBU LA MZEE WA UJIJI

Sasa turudi kwa mgeni wetu. Tulifanya kama tulivyoeleza. Tulitembea vijiji vitatu kando ya Luama. Katika cha kwanza mwiko haukupatana. Katika cha pili wazee walitujibu ndiyo kwa kila ulizo, hata kwa maulizo tuliyoyatunga makusudi ili kuwajaribu, tukaondoka. Katika cha tatu bibi mmoja mzee sana, kipofu, alipolisikia jina la msichana alinyamaza. Halafu akasema jina la kijiji cha zamani, ambacho kilihamishwa barabarani wakati wa Wabelgiji, na akataja mwiko ule bila kuulizwa. Mzee mwingine, wa nyumba nyingine, alisema vilevile.

Tulitumaini kusikia ya kwamba Waarabu walikuja usiku, wakachoma nyumba, wakamkamata mtoto. Ndivyo tunavyosimulia sikuzote. Lakini bibi yule alisema: «Hakukamatwa. Alitolewa. Kulikuwa deni la bunduki, na wakubwa wa nyumba walimtoa yeye.» Wanaume waliokaa pale walianza kumkemea. Mmoja alisema kwa sauti kwamba mgeni huyu amekuja kudai shamba. Mwingine alituita pembeni, akatuomba: «Padri, mwambie kwamba ni Waarabu. Itakuwa nzuri kwa wote.»

Haifai tufiche neno moja: nyumba ile ni nyumba aliyozaliwa mama yetu mzazi. Wakubwa wale waliolipa deni na mtoto ni mababu zetu sisi. Tangu seminari tulifundisha watu habari za utumwa na kuonyesha kidole kwa wengine, wala hatukujua ya kwamba kidole kingine chatugeukia. Kwa kitambo kidogo tulishawishika kukubali ombi lile. Waarabu walikwisha kufa. Uongo ule haungemdhuru mtu. Lakini tulikumbuka Kasongo Rushie. Tukimpa mzee huyu hadithi ya kumpendeza, tutakuwa tumemfanyia kama mzee yule wa Utetera alivyofanyiwa.

Basi tulimwambia yote, mbele ya watu wote, na tulimwambia pia sisi ni nani kwake. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha hakusema neno juu ya deni wala juu ya shamba. Alisema: «Bibi alikuwa akituambia kwamba siku ile mama yake alimfuata njiani akilia, mpaka wakampiga arudi. Mama yake hakupenda atolewe. Mimi nataka jina la mama yule, nipate kumtaja katika sala.» Bibi kipofu alilijua jina. Alilisema, na mgeni aliliandika chini ya yale mambo matatu katika karatasi yake. Wanaume waliokuwa wakigomba walikaa chini. Jioni walichinja mbuzi.

Toka siku ile tumeona kwamba kazi hii ni zaidi ya elimu ya mambo ya kale. Anayewatafuta waliopotea lazima awe tayari kusikia nani aliyewapoteza.

VII. KAZI YETU SASA

Tulisema kuna njia ya nne. Toka mwaka 1996 watu wengi wa mashariki ya Kongo walikimbilia Tanzania, na kambi ya Nyarugusu katika Kasulu ilifunguliwa mwaka ule kwa ajili yao. Toka pale na toka kambi nyingine, jamaa nyingi zimepelekwa kukaa Marekani. Watoto wao husoma Kiingereza. Wajukuu wao labda hawatajua Kiswahili. Kwa hivi inchi ile ya Marekani, ambayo watu wa Wales walihamia, sasa ina watu wetu pia. Baada ya miaka themanini kitukuu mmoja ataandika barua kuuliza: mama wa bibi yetu alitoka mto gani?

Mababu zetu hawakuwa na kitabu. Sisi tunacho. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, yaamuru kila parokia iwe na vitabu vya waliobatizwa, vya ndoa na vya waliokufa. Mara ngapi twaandika ndani yake kwa haraka: jina la ubatizo, tarehe, basi! Tuandike jina la baba na la mama kwa ukamilifu, kijiji, na ukoo. Mtu akija kuaga kabla ya kuhama, au akituma ombi la karatasi ya ubatizo toka mbali, tuandike pembeni amekwenda wapi. Na makatekista wanaozunguka vijijini wawe na daftari moja kwa maneno ya wazee, kwa maana mzee akifa bila kuulizwa, hakuna atakayejibu mahali pake.

Bibi kipofu wa Luama alikufa miezi michache baada ya mgeni kurudi Ujiji. Tulimwandika katika kitabu cha waliokufa, pamoja na jina la baba yake, la mama yake, na la kijiji cha zamani. Mstari ule ulitwaa wino kidogo tu. Mtu akija kuuliza, ataukuta.